Kufundisha Istilahi za Kulehemu: Neno na Tendo Lake

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya msingi akikosea jina la mto katika somo la jiografia, mto hauhami mahali pake. Lakini akikosea jina la metali au la dawa katika karakana ya shule, kazi huharibika mikononi mwake, na pengine mtu huumia. Hii ndiyo tofauti kubwa baina ya istilahi za ufundi na istilahi za masomo mengine mengi. Neno la ufundi ni chombo cha kazi kama ilivyo nyundo au tupa, na chombo kibovu hakifanyi kazi njema.

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi za msingi za kulehemu, yaani kuunga vipande vya metali kwa kutumia metali nyingine iliyoyeyushwa. Tutaonyesha pia namna mwalimu anavyoweza kuzifundisha istilahi hizo kwa vifaa vinavyopatikana karibu na shule yoyote. Hoja yetu ni moja. Kila istilahi katika kazi hii ni jibu la swali fulani: ni nini kinachoyeyuka, kwa joto la kiasi gani, kwa msaada wa dawa gani, na kiungo kitatumika kwa kazi gani. Mwalimu anayelitanguliza swali humpa mwanafunzi neno lenye maana. Mwalimu anayetanguliza neno peke yake humpa ganda tupu, na tutaona kwamba katika kazi hii ganda tupu laweza kuidhuru afya ya mtoto.

Hatusemi kwamba kila mwanachuo hana budi kuwa fundi bati. Linalotakiwa ni aelewe kinachotendeka ndani ya kiungo, ili aweze kuwaongoza watoto waitazame kazi ya fundi wa kijijini kwa akili na si kwa macho tu.

1. Swali la kwanza: ni nini kinachoyeyuka?

Watu wengi husema "kuchoma" kwa kila kazi ya kuunga metali kwa moto. Mtu atasema kwamba amechoma mlango wa chuma, amechoma fremu ya baiskeli, tena amechoma kibatari kilichokuwa kikivuja. Katika mazungumzo ya kila siku hapana ubaya. Darasani, hata hivyo, kazi hizi tatu hazina budi kutenganishwa, maana katika kila moja moto hufanya jambo lake.

Ya kwanza ni kuchomelea. Hapa kingo za vipande vyenyewe huyeyuka, zikachanganyika, kisha zikaganda pamoja na kuwa kitu kimoja. Milango na madirisha ya chuma huungwa hivyo. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Sentigredi, na kwa hiyo kazi hii huhitaji moto mkali mno, wa umeme au wa gesi.

Ya pili ni kulehemu kwa lehemu laini. Hapa vipande vinavyoungwa haviyeyuki hata kidogo. Kinachoyeyuka ni metali ya tatu, iitwayo lehemu, ambayo huingia katikati yao na kuganda. Kibatari, faneli na nyaya za redio huungwa kwa njia hii.

Ya tatu ni kulehemu kwa lehemu ngumu. Twaweza pia kuiita kulehemu kwa shaba, kwa sababu aghalabu lehemu yenyewe ni aloi ya shaba. Hapa pia vipande vinavyoungwa haviyeyuki, lakini lehemu huhitaji moto mkali zaidi, na kiungo huwa na nguvu zaidi. Fremu nyingi za baiskeli zilizoundwa kwa mirija ya chuma na vikombe vya maungio zimeungwa hivyo.

Je, mpaka baina ya lehemu laini na lehemu ngumu uko wapi? Wahandisi wamekubaliana kuuweka kwenye nyuzi 450. Lehemu inayoyeyuka chini ya hapo ni laini, na inayoyeyuka juu ya hapo ni ngumu. Yafaa mwanachuo akumbuke kwamba haya ni makubaliano ya watu, kama mpaka wa wilaya uliopita katikati ya mbuga. Metali yenyewe haibadiliki ghafula inapouvuka. Mpaka mwingine, ule ulio baina ya kulehemu na kuchomelea, si wa makubaliano. Huo ni wa tendo lenyewe: ama vipande vimeyeyuka, ama havikuyeyuka.

Mfano wa kutumia darasani ni huu. Chukua mabonge mawili ya udongo mbichi wa mfinyanzi, uyakandamize pamoja mpaka yawe bonge moja. Hiyo ni sura ya kuchomelea. Kisha chukua matofali mawili yaliyokwisha kuchomwa, uyaunge kwa udongo laini. Matofali yamebaki matofali, na kilichoyashika ni kile kilichowekwa katikati. Hiyo ni sura ya kulehemu. Mfano huu una upungufu mmoja ambao mwalimu autaje: udongo huyashika matofali kwa juu juu, bali lehemu huchanganyika kidogo na uso wa metali na kufanya tabaka jembamba la aloi. Ndiyo maana lehemu iliyoshika vema haibanduki kama udongo mkavu.

2. Maneno yanayobeba mizigo mingi

Kabla ya kuendelea mbele, mwalimu asafishe njia. Lugha yetu ina maneno manne ambayo kila mtoto anayajua, na kwa sababu anayajua ndiyo maana yanampoteza.

Neno la kwanza ni bati. Lina maana tatu katika matumizi ya watu. Kwanza ni metali yenyewe, nyeupe na laini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 232. Mawe yake huchimbwa huko Kyerwa, mkoani Kagera. Pili ni karatasi ya kopo, yaani chuma chembamba kilichopakwa metali ya bati pande zote mbili ili kisishike kutu. Tatu ni bati la kuezekea nyumba, ambalo kwa desturi ni chuma kilichopakwa zinki, wala halina metali ya bati ndani yake. Fundi akiulizwa, "Je, dawa hii yafaa kwa bati?" lazima aulize, "Bati lipi?" Kopo hulehemiwa kwa urahisi, kwa sababu uso wake tayari ni bati. Bati la kuezekea hutaka dawa kali zaidi, na likitiwa moto mkali hutoa moshi wa zinki unaodhuru.

Neno la pili ni shaba. Shaba nyekundu ni metali moja isiyochanganywa, na huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Shaba ya manjano ni aloi ya shaba nyekundu na zinki, na huyeyuka mapema zaidi. Neno la tatu ni risasi. Mtoto anapolisikia hufikiri juu ya bunduki. Hana budi kujua kwamba risasi ni metali nzito, laini, ya kijivu, inayoyeyuka kwenye nyuzi 327, na kwamba ile ya bunduki imepewa jina la metali iliyotumiwa kuiunda. Neno la nne ni chuma. Katika mazungumzo chuma ni metali yoyote ngumu. Katika somo letu chuma ni metali moja maalumu, na jina la jumla kwa zote ni metali.

Tukumbuke pia kwamba kifaa kiitwacho chuma cha kulehemia kina kichwa cha shaba nyekundu. Mafundi walichagua shaba kwa sababu hupitisha joto upesi kuliko chuma, tena hupokea lehemu vizuri. Mwalimu awaachie watoto waligundue jambo hilo wenyewe kwa kukwaruza kichwa cha kifaa kwa tupa.

3. Lehemu laini, na hali ya uji

Lehemu laini ya miaka mingi ni aloi ya bati na risasi. Aloi ni mchanganyiko wa metali mbili au zaidi zilizoyeyushwa pamoja. Sasa muulize mwanafunzi: ikiwa bati huyeyuka kwenye nyuzi 232, na risasi kwenye nyuzi 327, mchanganyiko wao utayeyuka wapi? Karibu kila mmoja atajibu kwamba utayeyuka mahali fulani katikati. Jibu la kweli huwashangaza. Mchanganyiko wa sehemu 63 za bati kwa sehemu 37 za risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183, yaani chini ya zote mbili.

Mchanganyiko huo una sifa nyingine. Ukifika nyuzi 183 huyeyuka wote mara moja, na ukishuka chini ya hapo huganda wote mara moja. Michanganyiko mingine haifanyi hivyo. Lehemu ya nusu kwa nusu huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, lakini huwa kimiminiko kamili inapokaribia nyuzi 215. Kati ya hapo haiko yabisi wala haiko majimaji. Tunapendekeza hali hiyo iitwe hali ya uji, kwa kuwa kila mtoto anaujua uji na anajua kwamba hautiririki kama maji.

Hali ya uji ina faida na hasara. Zamani mafundi bomba wa Uingereza walipenda lehemu yenye risasi nyingi, kwa kuwa hukaa katika hali ya uji kwa muda mrefu, na fundi huweza kuifinyanga kwa kitambaa kuzunguka bomba la risasi. Kwa upande mwingine, nyaya za redio zikitikisika wakati lehemu bado ni uji, chembe zake hukatika kabla ya kushikana. Kiungo cha namna hiyo huonekana kimefifia na kina chembechembe, nacho hukatika siku yoyote. Kwa hiyo agizo la fundi, "Usitikise mpaka kigande," si amri ya bure. Ni elimu ya aloi kwa maneno matatu.

Siku hizi zipo lehemu zisizo na risasi. Mojawapo ina sehemu 99.3 za bati na 0.7 za shaba katika kila 100, na huyeyuka kwenye nyuzi 227. Nyingine, yenye bati, fedha kidogo na shaba kidogo, huyeyuka karibu na nyuzi 217. Lehemu hizi hazing'ai sana hata kiungo kikiwa kizuri, kwa hiyo mwalimu asimfundishe mtoto kwamba kila kiungo kilichofifia ni kibaya.

4. Swali la pili: kwa nini lehemu inakataa kushika?

Mwanafunzi akiyeyusha lehemu juu ya shaba chafu, lehemu hujikusanya kama shanga na kuviringika. Atasema, "Lehemu hii ni mbovu." La hasha, ubovu uko juu ya uso wa shaba. Hewa ina oksijeni, na oksijeni huungana na metali na kufanya utando mwembamba uitwao oksidi. Lehemu hushikana na metali, haishikani na utando huo. Tena joto huuongeza utando haraka, kwa hiyo hata shaba iliyosuguliwa ikang'aa hufunikwa tena mara tu inapotiwa moto.

Hapa ndipo panapohitajika dawa ya kulehemia, ambayo vitabu vingine huiita fluksi. Kazi zake ni tatu: huondoa utando wa oksidi, huizuia hewa isiufanye upya wakati wa moto, na husaidia lehemu kutandaa. Dawa haiondoi rangi, matope wala mafuta. Hayo ni kazi ya tupa, msasa na sabuni, nayo hutangulia.

Dawa za lehemu laini ni za aina mbili. Ya kwanza ni dawa isiyokula metali, nayo ni ulimbo mkavu wa msonobari, mti ule ule unaopandwa katika msitu wa Sao Hill, wilayani Mufindi. Hutumika kwa kazi za umeme, kwa sababu mabaki yake hayaozeshi nyaya. Ya pili ni dawa kali, nazo ni zinki kloridi na nishadiri. Hizi husafisha zaidi, bali mabaki yake hula metali, kwa hiyo kiungo hakina budi kuoshwa kwa maji mengi. Mafundi wengine hutengeneza zinki kloridi kwa kutia vipande vya zinki katika asidi ya hidrokloriki. Mwalimu asijaribu jambo hilo darasani: asidi huunguza ngozi na macho, na gesi ya haidrojeni inayotoka hushika moto.

Lehemu inapotandaa juu ya metali tunasema inailowesha. Istilahi hii, kulowesha, hufundishwa vizuri kabisa bila moto. Mpe mwanafunzi jani la yugwa na kipande cha ubao safi usio na rangi. Atie tone la maji juu ya kila kimoja. Juu ya jani tone huviringika kama shanga. Juu ya ubao hutandaa. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni uso. Baada ya zoezi hili la dakika tano, neno kulowesha halitasahauliwa.

Tendo la kuulowesha uso kwa lehemu kabla ya kuunga huitwa kutia lehemu, na likitumia metali ya bati peke yake huitwa kutia bati, kama zilivyotiwa bati sufuria za shaba za zamani ili shaba isichanganyike na chakula. Kichwa cha chuma cha kulehemia nacho hutiwa lehemu kabla ya kazi, la sivyo hakipitishi joto ipasavyo.

Mtoto mwerevu atauliza: "Mwalimu, mbona fundi hawezi kulehemu sufuria yetu iliyotoboka?" Swali hili ni zawadi. Sufuria nyingi za siku hizi ni za alumini. Utando wa oksidi ya alumini ni mgumu, hujirudia papo hapo, na dawa za kawaida haziuwezi. Ndiyo maana mafundi wengi huliziba tundu kwa kugongomea kipande cha metali, wasitumie lehemu.

5. Swali la tatu: lehemu huingiaje katikati?

Fundi akikilehemu kibatari, hapaki lehemu juu ya mshono kama mtu anayepaka siagi juu ya mkate. Hupasha moto kingo mbili zilizopandana, kisha huigusisha lehemu penye mshono. Lehemu huvutwa ndani, hata ikibidi kupanda juu. Nguvu hii ya kuvuta kimiminiko katika nafasi nyembamba huitwa kapilari.

Mfano wake uko katika kibatari hicho hicho. Mafuta ya taa yako chini, moto uko juu, na hapana pampu. Mafuta hupanda kwa utambi kwa kupitia nafasi nyembamba zilizo baina ya nyuzi za pamba. Nguvu inayoupa kibatari mwanga ndiyo iliyouziba mshono wake.

Nafasi iliyo baina ya vipande viwili vinavyoungwa tunaiita mwanya. Mwanya ukiwa mpana, kapilari hudhoofika na lehemu hudondoka. Ukibanwa mno, lehemu haina njia. Mwanya unaofaa hukaribia sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi ya daftari. Ili kuonyesha jambo hili, simamisha vioo viwili ndani ya sahani yenye maji ya rangi, viguse upande mmoja, na upande wa pili vitenganishwe kwa njiti ya kiberiti. Maji yatapanda juu sana pale vioo vinapokaribiana, na kushuka kadiri mwanya unavyopanuka. Kingo za vioo zifungwe kwa kitambaa zisimkate mtoto.

Kutokana na hayo tunapata aina mbili za kiungo. Kiungo cha kupandana ni kile ambacho kipande kimoja hulala juu ya kingine. Kiungo cha ncha kwa ncha ni kile ambacho vipande hukutana kwenye kingo tu. Lehemu laini haina nguvu nyingi, kwa hiyo fundi mzuri hukipa kiungo eneo kubwa kwa kuvipandanisha vipande, au hukunja kingo zishikane kwanza, ndipo alehemu.

6. Lehemu ngumu na kazi ya sonara

Lehemu ngumu iliyo rahisi kupatikana ni shaba ya manjano yenye sehemu 60 za shaba nyekundu na 40 za zinki, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 900. Nyingine ni aloi ya fedha na shaba. Fedha peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 962, bali sehemu 72 za fedha zikichanganywa na 28 za shaba, aloi huyeyuka karibu na nyuzi 780. Mwanafunzi aliyeelewa habari ya bati na risasi ataiona hapa kanuni ile ile.

Ulimbo hauwezi moto wa namna hii. Huungua ukawa masizi. Dawa inayotumika ni boraksi. Inapopata moto hutoka povu kwa kupoteza maji yake, kisha huyeyuka na kuufunika uso kama kioo chembamba.

Masonara wa pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, wanaijua elimu hii kwa mikono yao. Sonara huunga kipuli cha dhahabu kwa lehemu ya dhahabu iliyochanganywa ili iyeyuke mapema kuliko kipuli chenyewe. Akiwa na viungo vitatu katika pambo moja, huanza na lehemu inayotaka joto kubwa, akafuatia na ya joto la chini, akamalizia na ya chini zaidi. Akigeuza mpangilio huo, kiungo cha kwanza kitafunguka anapounga cha pili. Hapa kiwango cha kuyeyuka si tarakimu ya mtihani. Ni mpango wa kazi.

Kulehemu kwa lehemu ngumu si kazi ya watoto wa shule ya msingi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, karibu sana na joto la kazi yenyewe, na moshi wake mweupe huleta homa. Lehemu nyingine za fedha zilizotengenezwa zamani zina kadimi, ambayo moshi wake huweza kuua. Jumuiya ya nchi za Ulaya ilizipiga marufuku kwa matumizi ya kawaida mwaka 2011. Watoto na waitazame kazi hii kwa mbali, upande upepo utokako.

7. Swali la nne: kiungo kitatumika kwa kazi gani?

Sasa tumefika penye uzito wa makala haya. Risasi ni sumu. Huingia mwilini kwa chakula, maji, vumbi na mikono michafu, nayo hudhuru zaidi ubongo wa mtoto anayekua. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Vitu vichachu, kama maji ya ukwaju, ndimu au maziwa ya mgando, huiyeyusha risasi kidogo kidogo kutoka katika lehemu, bila kubadilisha rangi.

Nchi nyingine zilichukua hatua kwa sababu hiyo. Marekani ilipiga marufuku lehemu ya risasi katika mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986, na katika makopo ya chakula mwaka 1995. Nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliiondoa katika vifaa vingi vya umeme kuanzia Julai 2006.

Fikiri basi juu ya mwalimu aliyefundisha kwamba "lehemu ni metali ya kuungia," akaishia hapo. Mwanafunzi wake ameshinda mtihani. Likizo akifika nyumbani, anakiona kikombe cha kopo cha mdogo wake kinavuja, anakiziba kwa lehemu ya redio, na mama anamsifu. Mtoto mdogo anakunywa maji ya ukwaju humo kila siku. Neno alilopewa kaka yake lilikuwa sahihi, lakini halikuwa kamili, na upungufu wake umeingia katika damu ya mtoto. Kwa hiyo tunashauri istilahi hii isiandikwe ubaoni kamwe bila nyongeza: lehemu ya risasi, au lehemu isiyo na risasi. Na kanuni iwe moja tu: chombo cha chakula au cha maji hakilehemiwi kwa lehemu ya risasi, wala kwa lehemu isiyojulikana imeundwa kwa nini.

8. Mpango wa vipindi vinne

Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule isitengwe na maisha ya watu wanaoizunguka. Somo hili latoa nafasi nzuri ya kutimiza hayo.

Kipindi cha kwanza: udongo na matofali. Wanafunzi watofautishe kuchomelea na kulehemu, kisha wapange vitu vya nyumbani kwa namna vilivyoungwa.

Kipindi cha pili: jani la yugwa, ubao na vioo. Wajifunze kulowesha, utando, mwanya na kapilari. Hakuna moto unaohitajika.

Kipindi cha tatu: ziara kwa fundi bati au sonara. Kila kikundi kiende na swali moja kati ya yale manne. Wanafunzi wamwamkie fundi kama wamwamkiavyo mwalimu, kwa maana siku hiyo yeye ndiye mwalimu. Wayaandike maneno anayoyatumia, hata kama si ya kitabuni.

Kipindi cha nne: kulinganisha. Ubaoni pawe na safu tatu: neno la fundi, neno la kitabu, na tendo. Neno la fundi lisidharauliwe. Likiwa wazi kuliko la kitabu, wanafunzi walitumie.

Mwalimu akiwa na uzoefu, aweza kuwaonyesha darasa la juu kulehemu waya mbili za shaba kwa lehemu isiyo na risasi na ulimbo. Madirisha yawe wazi, maana moshi wa ulimbo husababisha pumu. Macho yakingwe, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Hitimisho

Istilahi tulizozieleza si nyingi: kuchomelea, lehemu laini, lehemu ngumu, aloi, hali ya uji, utando, dawa, kulowesha, kapilari na mwanya. Mwanafunzi aweza kuzikariri kwa siku moja, na kuzisahau kwa wiki moja. Lakini akizipata kwa njia ya maswali manne, atakuwa na kipimo cha kuipimia kazi yoyote ya kuunga metali, hata ile ambayo hatukuitaja hapa. Na kabla ya kukiziba kikombe cha mdogo wake, atauliza kwanza lehemu hiyo imeundwa kwa nini.

Maswali ya kujadili vikundini

1. Taja vitu vitano vilivyoungwa kwa metali katika bweni lenu. Kwa kila kimoja, eleza ni nini kilichoyeyuka.

2. Neno bati laweza kumpotosha mwanafunzi kwa njia gani? Pendekezeni namna ya kulifafanua katika darasa la tano.

3. Andikeni andalio la kipindi kimoja cha kufundisha istilahi kulowesha, bila kutumia moto wala metali.

4. Mzazi amekuja shuleni na ndoo ya maji inayovuja, akiomba wanafunzi wailehemu. Mtamwuliza maswali gani kabla ya kuipokea?